Shangazi Si Kodiani

Ijumaa, Aprili 4

Mawingu yamekaa juu ya Mtongani tangu alfajiri bila kushusha hata tone. Nimerudi kutoka Gongo la Mboto na nusu ya kazi. Nasema nusu kwa sababu Edgar hakusema ndiyo wala hakusema hapana. Edgar ndiye mwenye studio ninayoiwinda tangu mwaka jana, Mhaya mmoja mpole anayeongea taratibu kama anasoma risala. Amesikiliza biti zangu zote, akavua hedifoni, akasema:

"Salma, mkono unao. Sasa niletee singeli moja iliyotokana na wimbo wa zamani. Sauti ziwe zimechomolewa safi, zisiwe na takataka. Na wenye wimbo wawe wamekubali. Wote. Sitaki mtu aje kugonga geti hapa na mwanasheria."

Mwisho wa Mei anatoa mkusanyiko wa nyimbo. Nikiwahi, nina kiti pale studio. Nisipowahi, naendelea kukata nyimbo za kuingilia maharusi kwenye kompyuta iliyong'oka herufi B.

Nimemwambia wimbo ninao. Nilichoficha ni kwamba wenye wimbo ni wawili, wanaishi nyumba zinazotazamana, na hawajasemezana tangu kabla mie sijazaliwa.

Aprili 5

Niandike vizuri, maana mambo haya nimeyapata kwa vipande tangu utotoni.

Shangazi Mwajabu, ninayeishi kwake, na Bi Mauwa wa ng'ambo ya barabara walikuwa waimbaji wa kikundi cha taarabu cha hapa hapa mtaani. Wimbo wao uliovuma ulikuwa mmoja, "Pazia la Jirani". Waliurekodi mara moja tu kwenye kaseti, kodiani ikipigwa na Mzee Abdulrahman, ambaye bado yupo, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ubeti wa kwanza na wa tatu ni wa Shangazi. Wa pili ni wa Bi Mauwa, na kiitikio ni chake pia. Sasa kwenye kaseti, kuelekea ubeti wa tatu, wanaingia wote wawili kwa mpigo. Mmoja anaimba kiitikio, mwingine anaimba ubeti, na hakuna anayekubali kunyamaza. Wanakwenda hivyo hadi mwisho, kama wanawake wawili wanaopita mlango mmoja na ndoo kichwani.

Watu waliupenda vivyo hivyo. Walidhani ni mtindo. Lakini waimbaji wenyewe walitoka pale kila mtu na njia yake. Shangazi anasema Mauwa alimvamia. Bi Mauwa anasema Mwajabu alimvamia. Kikundi kikafa.

Tangu hapo wanaongea kwa kupitia watu, hata wakiwa wamesimama karibu.

"Salma, mwambie huyo mtu kuku wake yumo kwenye mchicha wangu."

"Salma, mwambie kuku hajasoma, hajui mipaka."

Nami nakaa katikati, sijui nimwambie nani nini wakati wote wameshasikia.

Aprili 6

Mvua. Mabati yanapiga kelele, siwezi kurekodi hata kikohozi.

Aprili 8

Nimemweleza Shangazi kwamba siku hizi kuna programu ya kompyuta, ya akili mnemba, unaiwekea wimbo uliokwisha kuchanganywa, nayo inachomoa sauti upande wake, ngoma upande wake, besi upande wake. Nikishachomoa, naweka chini yake ngoma za singeli, zile za mbiombio, watu wanaruka.

Alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama.

"Inatenganisha sauti?"

"Inatenganisha, Shangazi."

"Basi itasema nani alimvamia mwenziwe."

"Hapana, Shangazi, inatenganisha sauti na vyombo. Haitenganishi mtu na mtu."

"Itajua tu," akasema, akaendelea na mchele wake. "Nimekubali. Ila kwanza nisikie."

Nikavuka kwa Bi Mauwa. Shikamoo, marahaba, kaa, kunywa chai. Nikarudia maneno yale yale. Naye akauliza swali lile lile, nami nikajibu vile vile, naye akasema, "Itajua tu." Kisha: "Mwambie shangazi yako nimekubali kwa sababu mie sina cha kuogopa. Ila kwanza nisikie."

Jioni Mzee Abdulrahman amekuja kula, kama kawaida yake. Mchana anakula kwa Bi Mauwa, usiku anakula kwetu, tangu alipofiwa na mkewe. Mtaa mzima unamheshimu mzee huyu kwa sababu ndiye anayebeba maneno kati ya nyumba hizi mbili na kuyapunguza makali njiani. Mie nilikuwaga nasema, kama kuna mtu wa peponi Mtongani, ni yeye.

Shangazi alipomsimulia habari ya mashine, chai ilimpalia.

"Inasikia na kodiani?" akaniuliza.

"Inasikia kila kitu, Mzee."

Akaacha wali nusu. Shangazi ana wasiwasi kwamba presha imempanda.

Aprili 12

Kaseti imegoma. Utepe umejiviringisha ndani ya redio ya Shangazi kama tambi. Nimeuzungusha kwa kalamu asubuhi nzima huku Shangazi kasimama mgongoni kwangu akisema "polepole" kila nikipumua.

Aprili 13

Imeingia kwenye kompyuta. Alhamdulillahi.

Jumanne, Aprili 15

Siku mbaya.

Nilidhani programu imefanya kazi vizuri, kumbe wapi. Umeme ulirudi saa nne, nikaweka wimbo, kompyuta ikaanza kulia kama mashine ya kusaga, na baadaye nikapata mafaili manne: sauti, ngoma, besi, na moja limeandikwa "nyinginezo", ambamo mashine inatupa kila kisichojulikana mahali pake. Nikafungua la sauti. Ubeti wa kwanza, Shangazi huyo, msichana, sauti imenyooka hadi nikapata kijibaridi. Nikasema mambo ni haya.

Nilikuwa nimeahidi kuwatumia wote wawili kwa wakati mmoja, ili mmoja asiseme nimempendelea mwenzake. Nikatuma kwenye simu zao. Kisha ndipo nikaendelea kusikiliza.

Kufika ubeti wa tatu, kuna mtu mmoja tu anayeimba. Bi Mauwa. Wazi, peke yake, hana mgomvi. Shangazi hayupo.

Nikafungua ngoma, hayupo. Besi, hayupo. Nikafungua "nyinginezo", nikamkuta. Amebanana na kodiani. Ubeti ule anaupanda juu kabisa, na kodiani inapanda naye noti kwa noti, kwa hiyo mashine ikaona hawa ni kitu kimoja. Imemweka Shangazi yangu kwenye fungu la vyombo.

Nikakimbilia jikoni kumnyang'anya simu. Nimechelewa. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mie niko wapi?"

"Shangazi, mashine imekosea kidogo..."

"Salma. Mie niko wapi?"

"Uko kwenye kodiani."

Kutoka ng'ambo, Bi Mauwa alikuwa ameshaunganisha simu yake na spika, na sauti yake ya ujana ikawa inamwagika barabarani, peke yake, pale penye ubeti wa tatu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Aprili 16

Vijana wa kijiwe cha bodaboda wamemwamkia Shangazi, "Shikamoo Mama Kodiani." Ameitikia marahaba bila kujua. Alipojua, amerudi, amewatukana mmoja mmoja kwa majina ya baba zao.

Aprili 17

Shangazi ameondoa idhini yake. "Mie niliyezaa watoto wanne ni kodiani? Kodiani inazaa?"

Nimekwenda kwa Bi Mauwa kumweleza kwamba mashine ilikosea, haikutoa hukumu. Amenisikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Mwanangu, mashine haina ugomvi na mtu. Iseme uongo ili ipate nini?"

Aprili 19

Mvua usiku na mchana. Barabara kati yetu na kwa Bi Mauwa imekuwa bwawa. Vijana wametandika matofali ya kukanyagia kutoka baraza hadi baraza. Mzee Abdulrahman anayavuka kwa fimbo, kikoi kimekunjwa, akiwa na ujumbe.

Aprili 20

Ujumbe wenyewe. Kutoka kwa Bi Mauwa: amwazime Shangazi spika ili asikie vizuri zaidi? Kutoka kwa Shangazi: siwezi kuuandika hapa.

Mzee aliufikisha kama, "Anakushukuru, anasema spika anazo."

Aprili 23

Edgar amepiga simu. Nimemweleza yote. Amecheka bila haraka, kicheko chake nacho kama risala.

"Hilo tatizo la kodiani na sauti ya juu ni la kawaida," akasema. "Kuna toleo jipya la programu, unalifundisha kwa kulichagulia chombo kimoja. Unalionyesha kodiani inavyolia ikiwa peke yake, halafu linaitafuta hiyo tu kwenye wimbo mzima. Njoo utumie mtandao wa hapa, bando lako halitatosha."

"Na hao bibi wawili?"

"Hao sina toleo lao."

Aprili 26

Nimeshinda studio kutwa. Kompyuta ya Edgar inafanya kwa dakika kile ambacho yangu inafanya kwa swala mbili. Kuna vijana watatu pale, wote wanaume, wote wananiita sista, na kila mmoja alitaka kunionyesha kitufe cha kuwasha. Nimewasikilizisha biti yangu. Sasa hivi wananiita Salma.

Nimerudi na kodiani peke yake. Na nimempata Shangazi! Amechomoka, amesimama kwa miguu yake, sauti safi. Nimemsikilizisha hapo hapo mlangoni, viatu vyangu vikiwa vinachuruzika maji. Ameitikia kwa kichwa mara moja, akaenda kukaanga samaki. Baadaye nimemsikia anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba tangu ile tarehe kumi na tano.

Alhamisi, Mei 1

Sikukuu ya wafanyakazi, nami ambaye sina kazi nimefanya kazi. Naandika pole pole maana sijui nifanye nini.

Nilikuwa nakata kodiani ili niifanye iwe mzunguko wa singeli. Kwa kawaida inatakiwa iende hivi, naijua kwa sababu Shangazi anaiimba yote jikoni, pamoja na vyombo vyake, kwa mdomo: kodiani inazunguka mara moja, Bi Mauwa anaingia na kiitikio. Kodiani inazunguka mara ya pili, na mwisho wake kuna mkunjo mmoja unaopanda juu kama mtu anayeuliza swali. Mkunjo ule ndio unaomwita Shangazi na ubeti wake.

Kabla ya ubeti wa kwanza ilikwenda hivyo hivyo. Lakini nilipoisikiliza kodiani tupu, bila sauti za watu kuifunika, kuelekea ubeti wa tatu ilizunguka mara moja tu. Na mkunjo ukabandikwa papo hapo.

Nimerudia mpaka masikio yameuma. Mzunguko mmoja umeliwa.

Bi Mauwa alikuwa anahesabu, mzunguko ukaisha, akaingia mahali pake. Shangazi alikuwa anasubiri mkunjo, mkunjo ukaja, akaingia mahali pake. Hakuna aliyemvamia mwenzake. Miaka thelathini na kitu.

Nimekwenda kwa Mzee Abdulrahman mvua ikinyesha. Alikuwa kibarazani anapiga deki maji yanayorudi. Shikamoo Mzee, marahaba mwanangu. Nikampa hedifoni. Akasikiliza. Ilipofika pale akafumba macho, na vidole vyake vikajikunja juu ya goti vyenyewe.

Akazivua taratibu.

"Hiyo mashine," akasema, "si ilikosea mara ya kwanza?"

"Ilikosea."

"Basi iambie ikosee tena."

"Mzee!"

"Mwanangu, nina miaka sitini na tisa. Mchana nakula kwa Mauwa, usiku nakula kwa Mwajabu. Wakilijua hili nitakwenda kula wapi, Vingunguti machinjioni?"

Nikamwambia siyo haki. Akasema anajua siyo haki. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile ile. Akasema siku ile ile wote walikuwa wanapiga kelele, akaona asubiri watulie. Bado anasubiri.

Nimerudi nyumbani nimemkasirikia hadi nikakanyaga maji pembeni ya tofali. Huyu ndiye niliyemwona mtu wa peponi.

Mei 2

Amekuja kula. Shangazi amempa kichwa cha samaki, kile anachokipenda. Sikuweza kumtazama. Yeye pia hakunitazama. Shangazi ametuuliza kama tumegombana.

Mei 4

Nafikiria kukata mzunguko mmoja wa kodiani kutoka mahali pengine na kuupachika pale, kimya kimya. Mashine inaweza. Kimuziki kosa lingekwisha leo leo. Lakini huko barabarani lingebaki.

Edgar ameuliza mara mbili kuhusu idhini.

Mei 7

Shangazi ameamua. Kumsikia yeye mwenyewe akiwa safi hakumtoshi. Mtaa ulisikia kwamba yeye ni kodiani, kwa hiyo mtaa usikie kodiani ni ipi.

"Jumapili, baada ya alasiri. Toa spika zako barazani. Kwanza unipige mie peke yangu. Halafu uipige kodiani peke yake. Mwenye masikio atajua tofauti. Na yule wa ng'ambo aambiwe."

Aliyetumwa kwenda kumwambia wa ng'ambo ni Mzee Abdulrahman. Nilimsindikiza hadi tofali la kwanza.

"Mzee, sitaibadilisha kodiani. Itapigwa kama ilivyo."

Alisimama na fimbo yake. Mara nikaona jinsi alivyo mwembamba chini ya kanzu. Hasira yangu ikapungua kidogo, sikupenda ipungue.

"Usije," nikamwambia. "Sema unaumwa."

"Nisipokuja watajua. Na nani atabeba maneno?"

Mei 9

Mvua. Tofali moja limezama.

Jumapili, Mei 11

Naandika huku nacheka, sijui kama nitasomeka.

Alasiri ilipokwisha mvua ikashika adabu, ikabaki manyunyu. Majirani wamejaa kwenye mabaraza yao na miavuli. Upande huu Shangazi, amevaa gauni la Idi. Upande ule Bi Mauwa, kakaa kwenye kiti cha mkono, spika yake kaiweka pembeni kama silaha. Katikati bwawa, na katikati ya bwawa, juu ya matofali, Mzee Abdulrahman na fimbo.

"Mzee, mwambie huyo mtu afungue masikio."

Mzee akageuka. "Bi Mauwa, unaombwa usikilize."

"Mwambie yalifunguka nilipozaliwa."

Mzee akageuka. "Anasema yuko tayari."

Nikampiga Shangazi. Sauti ikatoka peke yake. *Sikuchungulia mie, upepo ulifunua.* Wale vijana wa bodaboda wakatazama chini. Kwa Bi Mauwa sikuona kitu usoni, ila mkono wake uliisogeza ile spika nyuma ya kiti.

"Sasa kodiani," akasema Shangazi.

Mzee alinitazama. Nikabonyeza.

Sikutegemea itakuwa nzuri namna ile. Nilikuwa nimeisikia kwa masikio ya kutafuta kosa. Kwenye spika, juu ya maji, ilikuwa ni kijana mmoja anayepiga kodiani kwa raha zote za dunia. Bi Mauwa akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye mkono wa kiti. Shangazi midomo yake ikawa inacheza. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kila mmoja akiingia mahali pake kimoyomoyo, nikiwaona. Mzunguko ukaja. Kidole cha Bi Mauwa kikafika mwisho wa hesabu. Na papo hapo mkunjo ukapanda.

Vichwa viwili vikainuka.

"Rudisha," akasema Shangazi.

Nikarudisha.

"Rudisha tena," akasema Bi Mauwa. Aliniambia mie, moja kwa moja, bila kumtuma mtu.

Nikarudisha tena. Mzee alikuwa ameshaanza kunyanyua mguu kuelekea nyumbani kwake.

"Mauwa!" Shangazi akapiga ukelele kupita juu ya maji. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mwajabu! Kala mzunguko!"

"Kala mzunguko mzima!"

"Na mkunjo kauweka pale!"

"Mie nikasikia mkunjo, nifanye nini?"

"Mie nimehesabu, nifanye nini?"

"Abdulrahmani!" wakasema wote wawili, kwa mpigo, kama kwenye kaseti.

Mzee akakanyaga tofali lililozama. Hakuanguka kwa kishindo, alikaa tu. Alikaa ndani ya maji hadi kifuani, fimbo ikaelea. Kabla mie sijashuka, nikawaona waimbaji wale wa zamani wamekunja magauni na kuingia bwawani, mmoja huku, mmoja kule, wanatembea kama bata. Wakakutana kwake. Wakamshika kila mmoja kwapa lake, wakamsimamisha, na wakaendelea kumsema akiwa katikati.

"Kwa nini? Sema! Kwa nini?"

"Nilikuwa nimebanwa," akasema Mzee.

"Nini?"

"Nimebanwa! Nilikunywa madafu kabla hatujaanza. Nikaona nikizunguka mara mbili nitajiaibisha mbele ya watu. Nikakata."

Kisha Bi Mauwa akaanza. Kicheko chake kinaanzia chini, kama pampu. Shangazi akamfuata. Walicheka hadi wakamwachia, Mzee akakaa tena majini.

Walipomwinua mara ya pili, Bi Mauwa hakuwa anacheka tena. Alikuwa anamtazama Shangazi.

"Mwajabu, sikuja kwenye msiba wa mama yako."

"Ulituma mchele."

"Nilituma kupitia kwa huyu."

"Niliupika," akasema Shangazi. "Niliupika siku ile ile."

Wakamtazama Mzee. "Na kwa nini hukusema miaka yote?"

"Kila nilipotaka kusema," akajibu, maji yakimtoka kwenye ndevu, "mmoja wenu alikuwa ananipakulia."

Mei 12

Mzee ana mafua. Wamempikia uji pamoja, jikoni kwetu, na wamegombana kuhusu pilipili manga. Wamegombana moja kwa moja, bila kunituma.

Mei 13

Mzee hapewi chakula kingine hadi apone na wamseme vizuri. Uji tu, asubuhi, mchana, jioni.

Mei 14

Idhini. Wote wawili, kwa sharti moja. Nilikuwa nimewaandalia toleo safi, mzunguko uliopotea nimeupachika, kila mtu anaingia kwa zamu yake. Walilisikiliza hadi mwisho wakiwa wamekaa kitanda kimoja. Kisha Bi Mauwa akasema:

"Zuri. Lakini siyo sisi."

"Turudishe tulivyogongana," akasema Shangazi. "Tulipigania pale, mwanangu. Pumzi yangu yote iko pale."

Mei 19

Sijalala vizuri wala sijaoga vizuri. Nimeujenga wimbo mzima juu ya ule mgongano. Sauti mbili zinaingia kwa pamoja, kodiani inauliza swali lake, ngoma zinaanguka chini kama mawe kwenye bati. Herufi B haipo lakini singeli haiihitaji.

Mei 24

Edgar amesikiliza. Akavua hedifoni, akazivaa tena, akasikiliza tena. Wale vijana watatu wakasimama mlangoni.

"Hapa wanapoingia wote," akasema, "ulitumia programu gani?"

Nimemwambia hapo hakuna programu, hapo ni madafu. Hakuelewa, nami sikueleza. Kiti ninacho kuanzia Jumatatu.

Mei 26

Kazini. Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi.

Mei 31

Mkusanyiko umetoka. Jioni vijana wa kijiwe wameupiga kwa sauti kubwa, Shangazi na Bi Mauwa wamepita mbele yao kwenda dukani, taratibu, kama hawajui ni nani anayeimba. Wamekwenda dukani mara nne. Hawakununua kitu.

Jumamosi, Juni 7

Jua. Barabara imekauka, yamebaki matope na matofali yasiyo na kazi.

Leo nimewapeleka Shangazi na Bi Mauwa studio, Gongo la Mboto. Wametunga wimbo mpya, wa mafumbo, unamhusu mwanamume mmoja mwenye haraka zake ambaye hawakumtaja jina. Kwenye kodiani wamemweka Mzee Abdulrahman. Walimpeleka chooni kwanza, wote wawili, wakamsubiri nje ya mlango, Edgar akipita na kujifanya haoni.

Tukaanza. Maneno ni makali, beti zote zinamchoma yeye, naye anapiga kodiani kichwa kimeinama, anatabasamu. Mapumziko yalipofika nikamsogelea.

"Mzee, hujui kwamba unaimbwa wewe?"

"Najua. Na ubeti wa pili ni mzuri, eti?"

Tukarekodi mara ya mwisho. Ilipofika zamu ya kodiani akazunguka mara ya kwanza, waimbaji wakamkodolea macho. Akazunguka mara ya pili, wakavuta pumzi waingie. Yeye akawatazama, jasho likamtoka, na kwa uoga akazunguka mara ya tatu.

Waimbaji wote wawili walibaki midomo wazi, kimya, pumzi wameishika. Kisha Bi Mauwa akacheka ndani ya maiki, Shangazi akamfuata, na wakaingia na ubeti katikati ya kicheko, pamoja.

Edgar aliniangalia, mkono uko kwenye kitufe cha kufuta.

Nikamwambia, iache.